Mhasibu wa Mabomu ya Ardhini

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi ya mabomu ya ardhini Msumbiji, macho yao huteremka kwanza miguuni pangu. Wakiikuta yote miwili ipo, hutulia wakingoja hadithi. Nikiwaambia nilikuwa mhasibu, na baadaye meneja wa miradi, naona kabisa hamu inavyowatoka. Siwalaumu. Hakuna atakayelipa kiingilio kumtazama mtu anayelinganisha stakabadhi za dizeli na daftari la safari za gari.

Lakini niliifanya kazi hiyo tangu 1995 hadi nchi ile ilipotangazwa mwaka 2015 kwamba haina tena eneo linalojulikana kuwa na mabomu, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kisa chenyewe kilikuwa ndani ya makaratasi yale. Mabomu yaliondolewa na wanaume na wanawake waliopiga magoti juani. Wapige magoti kijiji gani, mwezi gani, kwa muda gani, hayo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa kwenye majedwali ya bajeti, na majedwali tuliyajaza sisi kwa kufuata kile ambacho Oslo, London, Washington, Ottawa na Tokyo walikubali kukilipia. Kile walichokubali kukilipia na kile kilichohitajika, mara nyingi vilikuwa vitu viwili.

Mimi ni mtu wa Newala. Kwetu ukisimama kwenye ukingo wa uwanda wa juu, unaiona Msumbiji ng'ambo ya bonde la Ruvuma. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964 watu walivuka mto na vitanda vyao vichwani, na wapiganaji wa Frelimo walikuwa na kambi yao Nachingwea. Nilikua na kusoma na watoto wa wakimbizi wale, Kimakonde chao kikipishana na chetu kidogo tu. Baada ya uhuru wa 1975 wengi walirudi, kisha vita vya pili, vya Frelimo na Renamo, vikawaleta wengine. Kwa hiyo mkataba wa amani uliposainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992, kwetu haikuwa habari ya mbali. Jirani zetu walianza kufunga mizigo.

Waliokuwa wakifunga mizigo walirudi kwenye nchi ambayo hakuna aliyejua ina mabomu mangapi. Wareno walitega kuzunguka kambi zao, kwenye mpaka na pembeni ya bwawa la Cahora Bassa. Jeshi la Rhodesia lilitega upande wa mpaka wake. Kisha serikali na Renamo wakategeana, kwenye madaraja, nguzo za umeme, visima, reli na hata kwenye shule zilizogeuzwa makambi. Umoja wa Mataifa ulitaja mabomu milioni 2, na idadi hiyo ikasafiri. Niliikuta kwenye kila andiko la mradi nililopewa kulisoma nilipoanza kazi, sentensi ya kwanza au ya pili. Haikutokana na hesabu ya mtu yeyote aliyekwenda shambani, maana shambani kulikuwa hakuendeki. Ni kadirio lililozaliwa mezani. Shirika la HALO Trust, lililobeba sehemu kubwa kabisa ya kazi, lilikuja kufunga hesabu yake baada ya miaka zaidi ya 20 na mabomu 171,000 na ushei. Ukijumlisha na ya wengine, bado huifikii milioni hata moja.

Lakini ile milioni 2 ilileta fedha. Na fedha zilipokuja, zilikaa. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichosimamia amani, ONUMOZ, kilipaswa kufungua barabara ili wakimbizi warudi na misaada ipite. Zaidi ya mwaka ulipita katika ubishi wa zabuni: nani apewe, nani alihusika na kutengeneza mabomu yaleyale anayotaka kulipwa kuyatoa, nani asaini New York. Wakimbizi hawakungoja zabuni. Walirudi kwa miguu, na njia nyingi za kijiji zilipimwa usalama na mtu wa kwanza kupita.

Mimi niliajiriwa na shirika moja la kigeni ambalo nitaliacha bila jina, kwa kuwa walionifanyia kazi nzuri na walionichosha wamo humo humo. Walitaka mtu anayejua vitabu vya hesabu, Kiingereza, na lugha za kaskazini. Kimakonde na Kiswahili vilinifikisha mbali mkoani Cabo Delgado. Wazee wengi wa Mueda walikuwa wamefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga, na Kiswahili chao kilikuwa kizuri kuliko cha ofisini kwetu. Kireno nilijifunza kwa kusoma ankara.

Wiki za mwanzo nilimwomba kiongozi wa timu anipeleke nikaone fedha inakwenda wapi. Mtegua mabomu huanza kazi alfajiri, kabla jua halijakaza. Anavaa koti zito la kinga, na helmeti yenye kioo cha plastiki kinachofunika uso hadi chini ya kidevu. Njia yake ina upana wa mita moja, imewekewa kamba na vigingi vyenye vichwa vyekundu. Kwanza anapapasa mbele yake kwa waya mwembamba kama kuna uzi wa mtego. Kisha anakata majani kwa mkasi wa bustani, shina moja moja, na kuyaweka nyuma. Ndipo anapitisha ditekta. Ikilia, anaweka alama na kuanza kuchimba kutokea upande, akipenyeza chuma chembamba kwa mshazari ili akigusa kitu aguse ubavu wake, asikandamize juu. Mara nyingi anachokipata ni kizibo cha soda, msumari au kopo la dagaa la Kireno. Vyote hivyo anavifukua kwa uangalifu uleule, maana ditekta haimwambii kama ni kopo. Mtu mmoja, siku nzima, kwenye udongo mbaya, anaweza kusogea mita chache tu mbele.

Nyuma, barabarani, gari la wagonjwa limeegeshwa likiwa limeelekezwa hospitali. Dereva haruhusiwi kutoka. Tabibu amekaa kivulini na mkoba wake, na hana kazi. Miaka mitatu baadaye ofisa mmoja wa ubalozi, kijana mwenye adabu sana, aliniuliza kwa nini bajeti yetu inalipa matabibu ambao ripoti zinaonyesha hawajatibu ajali hata moja. Nilimwambia ripoti ijayo nitaomba Mungu iwe hivyohivyo. Kifungu kilibaki, ila baada ya barua nne.

Kipimo cha kazi yetu kilikuwa gharama kwa mita ya mraba. Ndicho wafadhili walichokishika, na nawaelewa, kwa sababu kinalinganishika. Unagawanya matumizi kwa eneo lililosafishwa, unapata dola na senti, unaliweka shirika hili kando ya lile. Tatizo ni kwamba ardhi hazifanani. Shamba la mchanga lililo mbali na makazi linakwenda haraka kwa kuwa ditekta inalia mara chache. Eneo la kambi ya zamani ya jeshi, kwenye udongo mwekundu wenye chuma, limejaa maganda ya risasi na vipande vya makopo. Kila futi inalia na kila mlio unafukuliwa kwa mkono. Kwenye jedwali shamba la kwanza ni sifa na la pili ni aibu. Shamba la kwanza huenda halikuwa na bomu hata moja. La pili lilikuwa hatua chache kutoka kisimani. Taratibu, bila mtu yeyote kuamuru, unaanza kuona mashamba mepesi yakipanda juu kwenye mipango ya kazi ya mashirika.

Karibu na Mueda kulikuwa na eneo lililochorwa kwenye ramani yetu kwa rangi nyekundu, kubwa, hekta nyingi. Lilikuwa kwenye mpango wa msimu na fedha zake zilikwisha kutengwa. Nilikwenda na msimamizi wa uchunguzi kuonana na wenye kijiji. Mzee mmoja alitupokea chini ya mwembe, tukamwamkia, akaitikia na kutuuliza tumetoka wapi. Nilipotaja Newala akacheka, akauliza habari za watu ambao mimi niliwajua kwa makaburi yao tu. Tukamwonyesha ramani. Akaitazama kwa muda.

“Hapa mwanangu mbona tunalima mihogo mwaka wa tatu huu?”

Msimamizi akauliza kama kuna aliyewahi kuumia pale.

“Hapana. Pale hapana kitu. Alikuja mtu akatuuliza wapi hamwendi, tukamwambia tangu vita tulikuwa hatuendi kule, akaandika.” Akainuka, akashika fimbo. “Njooni niwaonyeshe penyewe.”

Penyewe palikuwa kipande kidogo nyuma ya msingi wa jengo lililobomoka, ambapo Wareno walikuwa na kituo. Mbuzi wawili walikufa hapo, na kabla ya mbuzi, binti wa dada yake. Hakikuwemo kwenye ramani yoyote. Tulimaliza asubuhi ile kazi ambayo ingetugharimu msimu mzima: eneo kubwa likafutwa, dogo likaingizwa. Gharama yake ilikuwa dizeli na posho.

Nikaandika ripoti kwa furaha. Jibu la mfadhili lilikuja na swali moja: mita za mraba mlizoahidi ziko wapi? Mkataba ulitaja ardhi iliyosafishwa. Ardhi iliyogundulika kuwa haina haja ya kusafishwa haikuwa na safu yake kwenye fomu. Tukaiweka kwenye maelezo ya chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, na timu ikapelekwa kwingine kutafuta mita.

Ningependa kusema hilo lilitokea mara moja. Lilikuwa utaratibu wa miaka kumi hivi. Kuongea na wazee kulikuwa ndiyo kazi yenye faida kuliko zote, na ndiyo iliyokosa mlipaji, kwa kuwa mwisho wake hakuna picha ya bomu. Picha ya bomu ilihitajika sana. Nimekaa na wageni wa heshima waliosafiri saa nyingi hadi porini, wakakuta mahali ambapo siku hiyo hapakupatikana kitu, nikaona uso unavyosinyaa.

Halafu kulikuwa na kalenda, na hapa ndipo nilipozeekea. Msumbiji mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Barabara hukatika, ditekta hazipendi maji, na majani hupanda kumpita mtu. Msimu wa kazi ni kuanzia Mei hadi Novemba. Sasa tazama wafadhili. Mwaka wa fedha wa Waingereza, Wajapani na Wakanada huishia Machi. Wa Wamarekani huishia tarehe 30 Septemba. Wanorwei na Waswidi hufunga Desemba. Fedha isiyotumika hurudi ilikotoka, na mwaka unaofuata unapewa pungufu, kwa sababu mwaka jana umeonyesha hukuihitaji.

Kwa hiyo kila Februari, mvua ikinyesha juu ya bati la ofisi, timu zikiwa makwao au zimekwama kambini, mimi nilipigiwa simu kuulizwa kwa nini matumizi yako chini. Na kila Mei, majani yakiwa yameanza kukauka na watu wakiwa tayari na visu vimenolewa, mkataba mpya ulikuwa bado uko kwenye meza ya mtu fulani Ulaya anayesubiri saini ya mwenzake aliye likizo. Mashirika mengi ya wakati ule yalikuwa na maghala yaliyojaa matairi mapya. Mtu akiuliza sababu, ajue tairi ni kitu unachoweza kukinunua halali kabisa mwezi Machi.

Dawa niliyoipata, baada ya kusumbuka sana, ilikuwa kuwapanga wafadhili kama mama ntilie anavyopanga sufuria kwenye mafiga: huyu abebe mishahara ya Januari hadi Juni, yule aingie Aprili, wa tatu abebe vifaa na mafunzo ya wakati wa mvua. Ilihitaji mikataba ipishane kwa makusudi, na ilihitaji kila mfadhili akubali kwamba timu aliyoipa jina lake na kibao chake itakuwa ya mwingine miezi mitano. Hilo la kibao lilikuwa gumu kuliko fedha. Kila ubalozi ulitaka mkoa wake, bendera yake mlangoni mwa gari, na uzinduzi wake. Kuna magari yaliyobandikwa na kubanduliwa nembo hadi rangi ikatoka.

Na tulipokea kwa krona, pauni, dola na yeni, tukalipa kwa metikali. Metikali ikishuka, unakuwa na ziada ambayo mkaguzi anataka maelezo yake. Ikipanda, una timu nzima isiyo na mshahara wa Novemba. Mwaka 2006 serikali ilipokata sifuri tatu kwenye noti, wategua mabomu waliletewa mishahara ya maelfu badala ya mamilioni na siku nzima ilipotea kuwaeleza kwamba hawajaibiwa.

Miaka ya neema ilikuwa 1997 hadi 2000. Binti mfalme Diana alipita Huambo, Angola, Januari 1997, akiwa na koti la kinga na kioo usoni, na dunia nzima ikaona kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nakiona kila mwezi. Mwaka huohuo kampeni ya kupiga marufuku mabomu ya ardhini na Jody Williams wakapewa tuzo ya amani ya Nobel, na Desemba mkataba ukasainiwa Ottawa. Ulianza kutumika tarehe 1 Machi 1999, na mkutano wa kwanza wa nchi wanachama ukafanyika Maputo mwezi Mei. Msumbiji ilijifunga kumaliza katika miaka 10. Hoteli zilijaa, simu zangu zilipokelewa, barua zangu zilijibiwa. Serikali ikaunda taasisi yake ya kusimamia kazi hiyo, IND, na kwa mara ya kwanza tukawa na mwenyeji wa kumuuliza tufanye wapi, badala ya kuulizana sisi wenyewe.

Februari 2000 yakaja mafuriko ya Limpopo na Save. Watu wapatao 700 walikufa, na maji yalihamisha mabomu na alama zake. Fedha za dharura ziliingia kwa wingi na masharti mafupi. Sina mengi ya kusema kuhusu kipindi kile zaidi ya kwamba nililala ofisini.

Mwaka 2001 matokeo ya uchunguzi mkubwa wa nchi nzima, uliolipiwa na Kanada, yalitoka. Jamii 791 zilihesabiwa kuathirika, na eneo lililoshukiwa lilikuwa kilomita za mraba 562. Waliofanya kazi ile walijitahidi kwa muda waliopewa; nadhani kosa halikuwa lao. Ukimuuliza mwanakijiji kama anaogopa sehemu fulani, atakujibu ukweli, na woga una mipaka mipana kuliko bomu. Lakini 562 ikawa ile milioni 2 mpya. Nilikaa na kikokotoo: kwa kasi na gharama zetu, kazi hiyo ingetuchukua vizazi. Wafadhili nao wana vikokotoo. Afghanistan na Iraq zilikuwa zimeanza kuvuta macho na fedha, na anayeonyeshwa mzigo usio na mwisho huutua. Kufikia 2005 na 2006, shirika moja baada ya jingine lilifunga milango au kupunguza timu. Nilisaini barua za kuachisha kazi kwa watu ambao ningeweza kukueleza majina ya watoto wao. Hii ni Msumbiji ileile ambayo, kama tungejua, ilikuwa imebakiza sehemu ndogo tu.

Kaskazini kulikwisha kwanza. Cabo Delgado, Niassa, Nampula na Zambezia zilihesabiwa kumalizika 2007. Kisha HALO wakapita upya mikoa ya kusini na kati, kijiji kwa kijiji, kwa njia ileile ya mzee wa Mueda na fimbo yake: penyewe ni wapi? Walipomaliza, eneo lililobaki kwenye orodha lilikuwa kama kilomita za mraba 12.

Nilikuwepo kwenye kikao kimoja Maputo takwimu hizo zilipojadiliwa. Chumba kilikuwa na kiyoyozi kikali na biskuti. Mwakilishi wa mfadhili mmoja, mama wa makamo niliyemheshimu, aliweka kalamu chini na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: kutoka 562 hadi 12, basi miaka yote hii tulikuwa tunalipia nini? Watu wakaangalia karatasi zao. Mimi nilikuwa nimebeba ripoti zetu za nyuma, tabia ya kihasibu, nikamfungulia ukurasa na kumwonyesha maelezo ya chini. Mwaka hadi mwaka, ardhi iliyofutwa kwa mahojiano, kwa herufi ndogo. Akasoma. Akaomba nakala. Fomu ya mwaka uliofuata ilikuwa na safu mpya, na nitamshukuru hadi kufa kwangu kwa safu ile, kwa kuwa kuanzia hapo ningeweza kumlipa mtu kwa kuuliza maswali.

Ile 12 nayo haikuwa neno la mwisho. Baadaye yalipatikana maeneo mengine ambayo hayakuwemo, na mabomu ya mpakani na Zimbabwe yalikuwa hesabu ya peke yake. Tarehe ya mwisho ya Machi 2009 ilisogezwa hadi 2014, kisha hadi mwisho wa mwaka huo. Lakini kilomita za mraba 12 na ushei ni mzigo ambao mfadhili anaweza kuuona mwisho wake, na fedha zilirudi kwa kasi ambayo sikuitarajia.

Na hapo ndipo Morogoro ilipoingia. Shirika la Ubelgiji, APOPO, lilikuwa limehamia Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 2000 kufundisha panya buku kunusa baruti. Nakumbuka kicheko ofisini kwetu tuliposikia. Panya ana uzito wa kilo moja hivi, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Anafungwa kamba, anatembezwa, akinusa kitu anakwaruza, analipwa ndizi. Hababaishwi na makopo wala misumari, kwa kuwa hatafuti chuma. Eneo la mita za mraba 200 analimaliza kwa nusu saa. Mwaka 2008 walikabidhiwa mkoa wa Gaza wote, wakaumaliza 2012. Mimi Mtanzania niliyekuwa nimechekwa kwa miaka juu ya Kireno changu, nilitembea kifua mbele miezi kadhaa. Wenzangu wakaniita mama panya. Niliitikia.

Mwisho wa kazi yote ulichelewa kwa sababu ya bunduki. Mwaka 2013 mapigano ya serikali na Renamo yalizuka tena Sofala, na wategua mabomu hawawezi kulala porini katikati ya majeshi mawili. Juni 2014 wakubwa wa mkataba wa Ottawa walikutana tena Maputo wakitarajia kupiga makofi, ikabidi wapige nusu. Tangazo lenyewe lilitolewa tarehe 17 Septemba 2015.

Mimi siku hiyo nilikuwa nabishana kuhusu kiinua mgongo. Sheria ya kazi inamtaka mwajiri amlipe anayeachishwa kulingana na miaka aliyotumika. Tulikuwa na watu wa miaka 15 na zaidi. Mfadhili wa mwisho anasema, na ana haki, kwamba hawezi kulipia miaka aliyokuwa hayupo. Wafadhili wa miaka hiyo wamekwisha kufunga mafaili na kuhamisha maofisa. Nilikuwa nimeliona hili likija, na tangu 2010 nilikuwa naingiza kwenye kila bajeti kiasi kidogo cha kila mwezi kwa kila mtu, kiwekwe kando. Wengine walikubali. Wengine walikikata kila mwaka wakisema si shughuli ya mradi. Kilichokusanyika kilitosha karibu wote. Kwa waliobaki, makao makuu ya shirika yalitoa fedha zake baada ya barua ambazo sitazinukuu, hazikuwa na adabu.

Magari yaligawanywa kulingana na mkataba wa kila mfadhili, mengine kwa polisi ambao ndio wanaoitwa sasa mkulima akikutana na kitu. Ditekta nzuri zilikwenda Angola, na baadhi ya watu wetu wakazifuata. Wengine walirudi kulima. Wengine walipanda kaskazini kutafuta kazi kwenye gesi ya Palma, na Oktoba 2017 Mocímboa da Praia iliposhambuliwa na vita vipya vikaanza Cabo Delgado, niliketi hapa Mtwara nikipiga simu kutafuta nani yuko wapi. Barabara za kule, tulizozisafisha, zimewekwa tena mabomu, safari hii ya kienyeji, na Newala na Mtwara zimewapokea tena watu wenye vitanda vichwani.

Bado naandikiwa. Wengi wanataka barua ya kuthibitisha kazi, kwa kuwa ofisi haipo tena na mimi ndiye niliyebaki na jina linalokumbukika. Naandika zote. Mwaka jana aliyekuwa kiongozi wa timu kule Inhambane, fundi kweli, mtu ambaye nusu ya kazi yake ilikuwa kukaa na wazee na kufuta mashamba kwenye orodha, aliniomba barua akiwa Angola. Nikaeleza hayo yote kwa kirefu, nikampelekea siku hiyohiyo. Akajibu kwa heshima: ahsante sana mama, ni barua nzuri, ila mwajiri anauliza nilisafisha mita za mraba ngapi.